Mdogo wa Marehemu

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, si kitu, mikosi yangu inajirudia vya kutosha. Kazi yangu kinyozi. Kibanda changu kiliungua na viti vyake, vioo vyake na ile redio. Nikawa nalala juu ya meza ya kukatia vitambaa kwa rafiki yangu, Fundi Cherehani, asubuhi naamka na vipande vya uzi kwenye ndevu. Nikiwa hapo juu ya meza simu ikaita, na sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka sita ikasema, "Ni mimi. Mama Chiriku."

Chiriku ni mwanangu. Jina hilo nilimpa mimi siku aliyozaliwa, kwa jinsi alivyopiga kelele pale wodini. Alikuwa na miaka mitatu mama yake alipomchukua akaenda naye jiji kubwa. Tangu hapo salamu zangu zilikuwa zinakwenda bila kurudi.

"Tunahama nchi," akasema Mama Chiriku. "Njoo umwone mtoto. Siku moja tu. Mtembee mjini, jioni umrudishe."

"Nakuja."

"Kuna sharti."

Hapo ndipo nilipowaachia. Wengi mmeniandikia mkilibuni sharti lenyewe, na mmoja akaniambia nitafute mganga. Hakuna aliyepatia.

"Nimemwambia baba yake alikufa," akasema. "Kwa hiyo wewe ni baba yake mdogo. Mdogo wake marehemu. Ukimwambia vingine, hutamwona tena."

Niliingoja hasira. Haikuja. Tangu kibanda kiungue, moyo wangu ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa vibaya. Unaushika, unajua ni wako, lakini husikii kitu.

"Alikufa kwa ugonjwa gani?" nikauliza.

"Nani?"

"Mimi."

"Ghafla tu," akasema, akakata simu.

Niliuza mashine ya kunyolea, ile moja iliyonusurika kwa kuwa siku ya moto ilikuwa kwa fundi wa umeme. Nauli ikapatikana, ya kwenda na kurudi, na kidogo cha kutia mdomoni.

"Huwezi kwenda hivyo," Fundi akasema, akinitazama shati. Akaniangulia koti la kijivu kutoka kwenye msumari. Lilikuwa la mteja ambaye hajaja kulichukua. Mafundi wote hufanya hivyo, msijifanye hamjui. Suti zenu zimekwenda harusi nyingi kabla yenu.

"Usinyanyue mikono," akanionya. "Kwapani nimeshikiza tu kwa uzi wa muda."

Nikasafiri usiku kucha nimebana mikono kama mtu aliyeficha vipimajoto. Asubuhi nikanawa uso kwenye bomba la stendi, nikauliza njia, nikatembea kwa miguu hadi kwenye geti la bluu nililoelekezwa. Mlinzi akaliheshimu koti, akanifungulia.

Mama Chiriku alikuwa uani, katikati ya masanduku yaliyofungwa kamba.

"Karibu, shemeji," akasema.

Mwanamke niliyekaa naye nyumba moja aliniita shemeji bila kupepesa jicho. Nikasema ahsante, shemeji.

Mumewe akatoka na mtoto mchanga begani. Nitamwita Kipara. Si dharau. Mimi huwaona watu kuanzia kichwani, na huyo ni mwanamume asiyenihitaji kwa lolote.

"Biashara inaendaje huko?" Kipara akauliza, jicho lake likiwa kwenye koti.

Ningeweza kusema kweli. Sharti lilikuwa kuhusu kifo changu, halikuwa kuhusu kibanda. Lakini mtu akikutazama hivyo, mbele ya mke aliyekuwa wako, ulimi unajiendea wenyewe.

"Inaenda vizuri. Nimeongeza viti. Vinyozi tuko watatu sasa."

"Na makazi?" Mama Chiriku akadakia.

"Vyumba viwili na kibaraza. Kimoja hakina hata mtu."

Kipara akamtazama mkewe. Mkewe akashusha pumzi ndefu. Nikadhani nimewakomesha.

Ndipo mtoto akatoka. Mrefu, kimya, mkoba mkubwa mgongoni. Alipoinama kufunga kamba za viatu nikaona kisogo chake. Nywele zinazunguka mahali pawili, kushoto na kulia. Nimenyoa vichwa visivyo na hesabu, na hali hiyo nimeiona mara chache sana. Mojawapo ni kwenye kioo.

"Shikamoo, ba'mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Neno hilo halikuvunja sharti. Baba mdogo naye husema mwanangu. Nililirudia mara mbili tatu siku ile, bure bila ushuru.

Mama yake akamkumbatia. Akamkumbatia tena. Akamfunga vifungo vilivyokuwa vimeshafungwa, akamwambia amsikilize ba'mdogo, ale vizuri, asisahau kupiga mswaki. Nikaona anazidisha, kwa mtoto anayerudi jioni. Nikadhani ananionyesha mimi mapenzi ya mama yalivyo.

"Lete nikubebee mkoba," nikamwambia mtoto nje ya geti.

"Nitabeba mwenyewe."

"Una nini humo, mawe?"

"Vitu vyangu."

Tukatembea. Mimi ndiye mgeni, yeye ndiye mwenyeji, kwa hiyo mtoto wa miaka tisa akawa ananivusha barabara kwa kunishika kidole.

"Unataka kuona nini?" akaniuliza.

"Vya bure."

Akafikiri. "Basi twende kwenye ngazi zinazopanda zenyewe."

Zilikuwa ndani ya jengo la maduka lenye sakafu ya kuteleza. Watu walikuwa wakisimama juu yake, wanapelekwa ghorofani huku wanasoma simu. Nilikanyaga ngazi ya kwanza mguu mmoja, mwingine ukabaki, nikawa nachanika katikati. Chiriku akanivuta mkono. Nikasikia uzi mmoja ukikatika kwapani.

"Usiangalie miguu," akasema. "Tazama mbele kama mtu mwenye haraka."

Tukapanda, tukashuka, tukapanda tena. Safari ya tatu akacheka. Kicheko kilikuwa cha mama yangu mzazi, na yeye na mama yangu hawajawahi kuonana. Nilikisikia vizuri, nikajua ni jambo kubwa, nikangoja litue mahali. Halikutua.

Baada ya hapo tukaenda kwenye mnara wa jiji. Kupanda juu kuna kiingilio, kwa hiyo tuliutazama kutoka chini, tukakaa kwenye benchi tukagawana mkate na chupa ya maji. Kuutazama hakuna kiingilio, ingawa shingo inalipa.

"Ba'mdogo, baba alikuwaje?"

Nikamkatia kipande kingine cha mkate.

"Alikuwa mtu wa kawaida."

"Mama anasema alikuwa anapenda kujisifu."

"Kidogo."

"Alikuwa mrefu?"

"Kama mimi hivi."

"Alikuwa anajua kuimba?"

"Hajui. Hakujua. Lakini alikuwa anaimba tu."

Akatafuna. Wapita njia walikuwa wengi, vichwa vya kila aina, na hakuna hata kimoja kilichogeuka. Nilikuwa najieleza kama mtu anayeeleza kitu kilichopotea, na sikuwa na uhakika kama ningekitambua kikiletwa.

"Alinipenda?"

"Sana," nikasema. "Alikuwa akikubeba mabegani mwake akinyoa. Wateja walikuwa wanaogopa utawadondokea. Hakuna aliyehama kwenda kwa kinyozi mwingine."

"Sikumbuki."

"Ulikuwa mdogo, Chiriku."

Jina likanitoka. Mtoto akaacha kutafuna.

"Nani kakwambia hilo jina? Hapa wananiita jina la shule."

"Baba yako. Yeye ndiye aliyekuita hivyo."

Akalitamka polepole, Chiriku, kama anayeonja. Mpiga picha wa pale mnarani akatukuta hivyo, kamera inaning'inia kifuani.

"Mzee, picha na binti! Mmefanana kama shilingi kwa ya pili!"

"Siyo baba," Chiriku akasema. "Ni baba mdogo."

"Damu haipotei, mdogo wangu. Simameni hapo, mnara nyuma."

"Siku nyingine," nikasema. Nilijua hakuna siku nyingine, na mpiga picha naye alijua sina hela. Akaenda kwa watu wenye miwani ya jua.

Chiriku akainuka, akajifuta makombo, akaweka mkoba mgongoni.

"Twende nikuonyeshe kitu. Nacho ni bure."

Tukapita mitaa ya maduka ya vipuri, tukapita shule, tukafuata ukuta mrefu wa matofali. Katikati ya ukuta kulikuwa na mlango wa chuma. Nilipouona ukimya wa humo ndani nikaelewa tuko wapi, lakini sikuelewa kwa nini.

Alikwenda moja kwa moja, kushoto, kulia, bila kutafuta. Akasimama mbele ya kaburi fupi la saruji lililopakwa chokaa nyeupe, halina jina.

"Baba huyu hapa," akasema.

Ndugu msomaji, nimeunguliwa kibanda, nimeachwa, nimelala mezani kama kitambaa. Sikuwahi kufikiri nitasafiri usiku kucha, kwa nauli yangu mwenyewe, kwenda kuonyeshwa nilipozikwa.

"Mbona halina jina?" Ndiyo swali lililonitoka.

"Mama alisema wataandika baadaye." Akanigusa kiwiko. "Msalimie."

"Nani?"

"Kaka yako."

Nikakohoa. "Kaka. Habari za huku?"

Tukangoja, kwa adabu.

"Hajibu," Chiriku akanifariji. "Hata mimi huwa hanijibu."

"Ndivyo alivyo."

Pembeni kulikuwa na majani yaliyoanza kuota. Nikachuchumaa nikaanza kuyang'oa, mwanangu akachuchumaa upande wa pili akafanya vivyo hivyo. Tulikuwa tunafanya kazi pamoja, baba na binti, jambo nililoliota miaka sita. Nililisafisha vizuri kabisa. Nitawaambia ukweli, nililionea fahari. Palikuwa pasafi kuliko popote nilipolala mwezi ule.

"Mama akija hapa hulia," Chiriku akasema. "Hulia kweli, mpaka kamasi."

"Eti?"

"Nyumbani halii. Hapa tu."

Mtunza makaburi akapita na ndoo. Kumbe wanafahamiana.

"Ah, binti! Leo umekuja na nani?"

"Ba'mdogo."

"Pole sana, bwana," mzee yule akaniambia, akanipa mkono wenye udongo. "Kufiwa na kaka si mchezo." Nikapokea rambirambi zangu. "Shemeji yako naye hajambo? Jana alikuwa hapa peke yake. Kalia mpaka nikamletea kiti."

Chiriku akageuka. "Jana? Mama hakuniambia."

"Basi labda nimekosea," mzee akasema, akaondoka na ndoo yake.

Nikajisemea moyoni, mwanamke huyu anajua kuigiza. Kaupamba uongo mpaka kwa mtunza makaburi. Nikayaacha yapite. Mtu aliyekufa ganzi hachunguzi.

Jua lilikuwa limeanza kulegea. Njiani kurudi nilikuwa nafikiria jambo moja tu: geti likishafungwa nyuma ya Chiriku, basi. Angekwenda nchi ya watu akikumbuka baba mdogo mmoja aliyeogopa ngazi. Ulimi ulikuwa unaniwasha. Maneno yenyewe ni machache, hata mtoto wa chekechea anayaweza: mimi ndiye baba yako. Lakini nilikuwa nimeahidi, na mama yake alinipa siku moja kwa ahadi hiyo. Nikaubana mkono wake zaidi kidogo, tukaendelea kutembea.

Geti la bluu lilikuwa wazi. Uani hakukuwa na masanduku. Mlinzi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nguo za nyumbani ameshavaa, redio ndogo sikioni.

"Wenye nyumba wako wapi?" nikauliza.

"Wenye nyumba gani? Wameondoka tangu mchana. Mlipopinda kona tu, gari la mizigo likaja."

"Wameondoka kwenda wapi?"

"Uwanja wa ndege, bwana. Saa hizi wako juu huko." Akanyoosha kidole angani. "Nami nangoja mwenye nyumba aje nimkabidhi funguo."

"Wamemsahau mtoto!"

Mlinzi akanitazama, kisha akamtazama Chiriku, kisha akaongeza sauti ya redio yake. Mtu mzima akiongeza sauti ya redio namna ile, hana la kukusaidia.

Nikageuka. Chiriku alikuwa amevua mkoba, ameuweka chini, ameukalia. Hakushangaa. Alikuwa ametulia kama abiria aliyefika stendi mapema.

"Ulijua?"

Akatikisa kichwa kukubali. "Mama alisema nisikwambie mpaka turudi. Alisema ukijua mapema utaniacha."

Nikakaa chini, palepale kwenye kokoto, na koti la watu.

"Kwa nini hawakukuchukua?"

"Kazi mpya ya baba wa hapa inachukua watu watatu tu. Mama alihesabu mara nyingi." Akavuta zipu ya mkoba mbele, nyuma. "Sisi tuko wanne."

Siku nzima mimi nilikuwa nimebeba siri yangu, na yeye alikuwa amebeba yake mgongoni, nguo na mswaki, akikataa nimsaidie. Alikuwa ameniongoza mji mzima, amecheka, amenivusha barabara, huku anajua hana pa kurudi. Na mimi ndiye niliyejiona ninaumia.

Hapo ganzi ikaanza kunitoka. Aliyewahi kukalia mguu vibaya anajua kwamba ganzi ikiwepo haiumi. Huuma inapoondoka. Nilishika kokoto mkononi nikazibana, nikalia. Sikujali mlinzi wala redio.

"Usilie, ba'mdogo," Chiriku akasema. "Mama alisema kwako ni kuzuri. Vyumba viwili. Hicho kisicho na mtu kina dirisha?"

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu ulikuwa umemponza na mtoto. Ile pumzi ndefu aliyoishusha mama yake asubuhi haikuwa ya kukomeshwa. Alikuwa anangoja kusikia kama kuna pa kumwacha, nami nikampa vyumba viwili na kibaraza.

Mbele yangu kulikuwa na uongo wa aina mbili, mmoja wangu, mwingine wa mama yake. Nikaona nianze na ule wa kuua. Sharti lilikuwa limepanda ndege.

"Chiriku."

"Bee."

"Baba yako hakufa."

Akaacha kuchezea zipu.

"Ni mimi. Sina kaka. Sijawahi kuwa na kaka. Yule aliyekubeba mabegani ni mimi."

Akanitazama kama mteja anavyojitazama kwenye kioo akimaliza kunyolewa, upande huu, kisha upande ule, bila kusema kama amependa. Akanyoosha mkono akanigusa kisogo, pale penye nywele zinazozunguka. Kisha akajigusa chake.

"Na vyumba viwili?" akauliza.

"Havipo. Kibanda kiliungua. Nalala juu ya meza ya rafiki yangu. Koti hili si langu."

"Basi mbona ulisema?"

"Napenda kujisifu."

"Mama alisema," akajibu, na kidogo nione anatabasamu.

Nikasimama. Nikanyanyua mkoba wake, mara hii hakukataa, na nilipouinua mabegani uzi wote wa kwapani ukafumuka. Tulikuwa na tiketi moja ya kurudi na watu wawili. Nilikuwa nafikiria tutamwambia nini kondakta, nikampa mkono wangu.

Hakuushika. Alikuwa amesimama katikati ya geti, uso ameukunja, anafikiri kwa bidii kama mtoto anayefanya hesabu za kutoa.

"Baba."

Ndiyo mara ya kwanza. Nilitaka kumwambia arudie, lakini alikuwa hajamaliza.

"Kama wewe uko hapa," akasema, "basi pale kazikwa nani?"

Nikafungua mdomo kumwambia hakuna mtu, ni saruji na chokaa, mama yako alitaka tu kukuonyesha mahali. Ndipo nikamkumbuka mtunza makaburi na ndoo yake. Jana. Peke yake. Bila mtoto wa kumwonyesha. Kalia mpaka akaletewa kiti.